Kwenda Dundee na Mshairi Mbaya

Ninapanga kwenda Dundee mwezi Juni. Dundee ni mji wa bandari mashariki mwa Uskoti, kwenye mlango wa mto Tay, pale mto unapoingia Bahari ya Kaskazini. Mambo ya kawaida nimeshayaandika kwenye daftari: makumbusho ya V&A yaliyosanifiwa na Kengo Kuma na kufunguliwa mwaka 2018; meli Discovery, iliyoundwa papo hapo Dundee na kumpeleka nahodha Scott Antaktika mwaka 1901; kiwanda cha zamani cha juti ambacho sasa ni makumbusho; na kilima kiitwacho Law, ambacho ukikipanda unauona mji wote na mto wake. Haya yote vitabu vya wageni huyaeleza kwa heshima. Vikifika kwa mshairi wa mji, William McGonagall, vinaanza kucheka.

McGonagall anatangazwa kuwa mshairi mbaya kuliko wote waliowahi kuandika kwa Kiingereza. Zipo hata karamu za kumkumbuka ambako chakula hutolewa kinyumenyume, kitamutamu kwanza na supu mwisho, kwa kuwa hakuna linalomhusu linalopaswa kwenda sawa. Nimemsoma kama sehemu ya maandalizi ya safari, na ninataka kusema jambo ambalo vitabu hivyo havisemi. Ni kweli ni mshairi mbaya, lakini ubaya wake hauko pale wanapocheka.

Kwanza tumjue. Alikuwa mfumaji wa vitambaa kwa mkono, katika mji ambao viwanda vya mashine vilikuwa vinazimaliza kazi za mikono. Dundee ilifuma juti iliyotoka Bengal, ile ya magunia, na viwanda viliajiri zaidi wanawake na watoto kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo. Wanaume wasio na kazi walipewa jina la dhihaka: wachemsha birika, yaani wanaobaki nyumbani kumwandalia mke chai. Katika hali hiyo, mwaka 1877, mtu mzima aliyepita umri wa miaka 45 alitangaza kwamba amepata kipaji cha ushairi. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu hadi Balmoral ili amsomee Malkia Victoria, akarudishwa langoni. Alipanda majukwaani, watu wakalipa kiingilio ili wamtupie mayai viza na mboga zilizooza. Alifariki Edinburgh mwaka 1902, akazikwa katika kaburi lisilo na jina.

Shairi lake linalojulikana kuliko yote linahusu daraja. Daraja la reli juu ya mto Tay lilifunguliwa mwaka 1878. Msanifu wake alikuwa Thomas Bouch. Malkia alilivuka mwaka 1879, na Bouch akapewa cheo cha Sir. Jumapili ya tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, kama saa moja na robo usiku, katika dhoruba kali, sehemu ya katikati ya daraja ilianguka mtoni pamoja na treni iliyokuwa ikipita juu yake. Hakuna aliyepona.

McGonagall aliliandikia daraja hilo mashairi matatu. La kwanza, kabla ya ajali, ni la sifa: analisifu daraja, anamwombea heri Bouch, anamwomba Mungu awalinde abiria. La pili ni la ajali. La tatu ni la kulipokea daraja jipya, lililofunguliwa mwaka 1887 na ambalo treni zinalipita hadi leo. Ukiyasoma yote matatu kwa mfululizo unauona mji ukijivuna, ukilia, kisha ukijivuna tena. Kitabu cha wageni kinataja la pili peke yake, na kwa hiyo kinakosa hadithi.

Je, shairi hilo la pili ni baya? Ni baya. Mishororo yake mingine ni mifupi, mingine inarefuka mpaka pumzi inamwishia msomaji, kana kwamba mwandishi ameliona neno la kina kwa mbali na anakimbia kulifikia. Vina vinajirudia bila kuongeza maana. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa kawaida na sanaa ya watu wa kawaida haipimwi kwa kanuni za wasomi. Utetezi huo siukubali. Washairi wetu wa magazetini walikuwa makarani, wavuvi, walimu wa shule za msingi na wakulima, na walihesabu mizani kwa vidole. Mhariri wa ukurasa wa mashairi asingemwonea McGonagall huruma. Angemwambia kwa neno moja la arudhi: shairi lako ni guni.

Hata hivyo, wanaomcheka hawachekei mizani peke yake. Wanacheka kwamba ametaja tarehe katikati ya maombolezo. Wanacheka kwamba ametoa idadi ya waliokufa na kueleza treni ilivyokuwa ikienda. Wanacheka, zaidi ya yote, kwamba anamaliza kwa somo la ujenzi: daraja lisingeanguka kama lingewekewa mihimili ya kuliegemeza kila upande. Kwao, msiba na taarifa havikai nyumba moja.

Msomaji wa Kiswahili hashtuki hapo. Miaka kumi hivi baada ya ajali ya Tay, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani walivyoitwaa pwani ya Mrima, nao una majina ya watu na mahali, una mapigano na hukumu juu ya mwenendo wa wakubwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilizoesha vizazi kupokea habari na mawaidha katika beti. Kwetu kutaja siku na saa ni sehemu ya kazi ya shairi la tukio, na funzo la mwisho ni deni ambalo mtunzi anatakiwa kulilipa kabla ya kuweka kalamu chini.

Babu yangu mzaa mama, karani wa ushirika wa kahawa mkoani Kagera, alitunga beti kumi na moja baada ya MV Bukoba kuzama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Alitaja tarehe, akataja mzigo wa ndizi, akauliza nani aliyeiruhusu meli iondoke na watu wote wale. Binamu zangu waliosoma fasihi chuo kikuu walisema ni ripoti yenye vina. Babu akawajibu, “Wajukuu zangu, mimi sikutunga ili ninyi mlie. Nimetunga ili mtu asije akasema hakuambiwa.”

Kwa jibu hilo nimeusoma upya mwisho wa shairi la McGonagall, ule unaochekwa. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1880 iliamua kwamba daraja lilisanifiwa vibaya, lilijengwa vibaya na lilitunzwa vibaya, na kwamba nguvu ya upepo haikuwekwa katika hesabu kama ilivyopasa. Mfumaji hakuwa mhandisi, na sidai alitabiri ripoti. Lakini alielekeza kidole mahali panapostahili, kwenye uimara wa chuma dhidi ya upepo wa pembeni, badala ya kumwachia Mungu lawama yote. Bouch alifariki mwaka huohuo wa 1880. Sijaona karamu ya kinyumenyume ya kumkumbuka yeye. Wawili walikosea hesabu katika mji mmoja: mmoja alikosea mizani, mwingine alikosea upepo. Aliyekuwa mzaha wa kudumu ni yule maskini.

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe. McGonagall anasema waliokufa ni 90. Kwa miaka mingi idadi iliyotajwa ilikuwa 75, iliyokadiriwa hasa kutokana na tiketi zilizokusanywa katika kituo cha St Fort, kabla ya treni kufika darajani. Waliothibitishwa kwa majina ni 59. Idadi ya haraka baada ya msiba namsamehe. Sisi wenyewe tumebishana miaka na miaka juu ya waliokufa katika Bukoba. Ninachoshindwa kumsamehe ni kwamba ndani ya treni yake hamna mtu. Pana abiria kwa jumla, wenye furaha kisha wenye hofu, lakini hapana fundi anayerudi kazini, hapana mama, hapana hata jina moja. Anajua mihimili ilivyopaswa kukaa, ila hajui nani alikuwa amekaa dirishani. Ubeti wa saba wa babu una majina mawili, la jirani yake na la binti yake, na nyumbani tukiusoma kwa sauti hapo ndipo mama hunyamaza.

Upungufu huo sijauona ukitajwa na wanaomcheka. Anayesoma akisubiri kosa la kina hana nafasi ya kugundua kwamba wafu hawamo. Na mji wenyewe ulichelewa: mawe ya itale yenye majina ya waliokufa yalisimamishwa pande zote mbili za mto mwezi Desemba 2013, miaka 134 baadaye. Katika muda wote huo kumbukumbu iliyojulikana zaidi ya ajali ilikuwa shairi la mtu aliyetupiwa mayai.

Kwa hiyo nimebadilisha mpangilio wa safari. Kutoka Edinburgh nitapanda treni inayopita darajani, nikae upande wa kulia, kwa kuwa daraja jipya lilijengwa kando ya lile la zamani na vishina vya nguzo za Bouch bado vinaonekana majini upande huo. Nikishuka, makumbusho yako mlangoni mwa kituo, lakini yatasubiri. Nitatembea kando ya mto kuelekea magharibi, nipite mahali ambapo maneno ya McGonagall yamechongwa njiani, nisimame mbele ya lile jiwe na kuyasoma majina yote 59 kwa sauti. Mwezi Juni huko jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo nuru itatosha.