Nani Aitwaye Mkulima? Uhakiki wa Taswira ya Serikali katika The Grapes of Wrath

Riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath (1939), husomwa kama ushahidi wa madhila ya wakulima wa Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Makala haya yanaukubali ushahidi huo, ila yanahoji ukimya mmoja: serikali huonekana pale wahamaji wanapopokewa, haionekani pale wanapofukuzwa.

Katika sura ya 5, mpangaji anamuuliza dereva wa trekta ni nani wa kupigwa risasi ili ardhi isichukuliwe. Jibu linapita benki, linaishia kwa wakubwa wa Mashariki wasio na jina. Lakini historia inalo jina jingine la kuongeza. Sheria ya Marekebisho ya Kilimo ya Mei 1933 iliwalipa wenye mashamba wapunguze eneo la pamba ili bei ipande. Malipo yalipitia mikononi mwa mwenye ardhi, na wengi wao waliwaondoa wapangaji ambao hawakuhitajika tena.

Hata maandamano hayakuwa na sauti moja. Mwaka 1932, wakulima wa Iowa wakiongozwa na Milo Reno walifunga barabara kuzuia maziwa yasifike sokoni; wengi walihofia mashamba yao kunadiwa kwa madeni. Mwaka 1934, huko Arkansas, wapangaji weusi kwa weupe waliunda chama chao kwa sababu msaada uleule uliowaokoa wenye mashamba ndio uliowatoa wao. Wapangaji weusi karibu hawaonekani katika riwaya.

Huenda ikajibiwa kwamba sura ya 25 inalaani kuteketezwa kwa chakula ilhali watoto wana njaa. Ni kweli, hata hivyo, lawama inaelekezwa kwenye faida, ilhali mwaka 1933 serikali yenyewe ilinunua na kuchinja takribani nguruwe milioni 6. Baadaye msomaji anabaki na kambi ya serikali yenye maji safi, kamati za wakazi na heshima.

Funzo linatuhusu. Katika Kiswahili, neno "mkulima" humjumuisha mwenye shamba, mpangaji na hata kibarua. Likiingia katika waraka wa ruzuku bila kufafanuliwa, atakayefikiwa kwanza ni mwenye hati. Mshauri wa sera na aulize mapema: mkulima yupi?