Ufundi wa Kuagiza

Programu ikihitaji kupunguza uzito wa video, mwandishi wake ana njia mbili. Anaweza kukaa miaka akiandika hesabu za kubana picha na sauti, au anaweza kuiita ffmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na kunolewa na mikono mingi tangu hapo. Namheshimu sana anayechagua njia ya pili na kuifuata vizuri. Kuiagiza programu nyingine kazi, kuiachia ifanye, kisha kuyapokea majibu yake yote, ni ufundi kamili.

Uzuri wake huonekana zaidi katika Unix, mfumo ulioanza kujengwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. Humo, kuanzisha programu nyingine hakufanyiki kwa hatua moja. Kwanza mchakato huita fork, ukagawanyika kuwa miwili inayofanana, mzazi na mtoto. Mzazi hupewa nambari ya mtoto. Mtoto hupewa sifuri, na kwa alama hiyo hujitambua. Kisha mtoto huita exec, akaivua programu ya mzazi na kuvaa nyingine. Ninachokipenda mno ni ile nafasi iliyo katikati. Mtoto bado anatekeleza maagizo ya mzazi, ila anayobadilisha kwake hayambadilishi tena mzazi: anaweza kuhamia folda nyingine, kufunga mafaili, kuyaelekeza matokeo yake kwenye faili au bomba la kuyapeleka kwa programu nyingine. Programu mpya ikiingia hukuta yote yamekwisha pangwa, wala haina haja ya kujua nani kayapanga. Ndiyo maana programu kama sort huandika vilevile, iwe inaandikia skrini, faili au programu nyingine. Mabomba yenyewe, yaliyoingia Unix mwaka 1973 kwa msukumo wa Doug McIlroy, yanategemea nafasi hiyo hiyo.

Hatari kubwa imo katika maneno ya agizo. Ukiiunga amri nzima kuwa mstari mmoja na kuikabidhi sheli, ile programu inayosoma amri zilizoandikwa na kuzitekeleza, sheli itaukata upya kwa kanuni zake. Faili liitwalo “picha za harusi.jpg” litageuka majina matatu. Mwenye nia mbaya akitia katika jina la faili lake nuktamkato na amri ya kufuta, sheli itatii. Mjuzi huipeleka amri kama orodha, kila neno mahali pake, pasipo sheli katikati. Moduli ya subprocess, iliyoingia Python 2.4 mwaka 2004, iliifanya hiyo kuwa njia ya kawaida, na kwangu hiyo ni hisani kubwa kwa watumiaji wasiojua hata kwamba sheli ipo.

Kusikiliza nako kuna ugumu wake. Programu iliyoitwa huleta matokeo, malalamiko, na nambari inayoiacha ikitoka. Sifuri ni heri. Lakini grep, programu ya kutafuta maneno, hutoa 1 isipopata kitu, na 2 ikikumbwa na hitilafu. Anayezichanganya atampa mtumiaji habari za uongo. Tena bomba la Linux lina kikomo, kwa kawaida baiti 65,536. Mzazi akisoma matokeo tu na kuyaacha malalamiko yajae, mtoto husimama akingoja nafasi, mzazi naye anamngoja mtoto amalize kusema, na hakuna kosa linalotangazwa. Kwenye majaribio ya data kidogo hutaliona tatizo hilo. Litajitokeza siku inapoletwa video ya kwanza ndefu, mbele ya mteja. Kwa hiyo njia zote mbili, ya matokeo na ya malalamiko, husomwa kwa pamoja.

Na mtoto asipomaliza? Huwekewa muda, na ukipita husimamishwa. Hapo napo kuna la kujua: kama mtoto ni sheli na ukaiua peke yake, programu iliyoanzishwa nayo inaweza kuendelea kula prosesa usiku kucha. Anayejali huwatia wote kundi moja mapema, kabla ya exec, ili ishara moja iwafikie. Kisha mzazi huita wait hata kwa mtoto aliyekwisha kufa, kwani asipofanya hivyo, marehemu hubaki kwenye jedwali la michakato, akishikilia nambari ambayo mchakato mwingine ungeitumia.