Mgongo wa Blanketi

Katika arobaini ya mtoto iliyofanyika hivi karibuni mjini Tanga, ililetwa hidaya ya blanketi la kroshia lenye rangi saba, likapitishwa mkono kwa mkono na kupigiwa vigelegele kana kwamba kazi ya namna ile haijapata kuonekana pwani nzima, ilhali mimi niliyeketi mwisho wa jamvi nilikwisha kuona, kabla halijanifikia, kwamba upande wake mmoja ulizidi wa pili kwa kadiri ya shubiri. Sikusema neno, maana arobaini si mahali pa kumfedhehesha mtu aliyetoa fedha yake na usingizi wake. Wala siandiki leo kumwandama mfumaji yule, ambaye ni mwanafunzi na inshallah atajua. Nawaandikia wale waliomsifu, aghalabu watu wazima, waliokulia katika nyumba zenye vitambaa vya kroshia juu ya kila kochi na kila meza, ambao hawana udhuru wa kutojua.

Kila mtu apewapo blanketi hulifinya, akalipeleka shavuni, akasema, "Laini!", na hukumu yake ikaishia hapo. Ulaini wa dukani si ithibati ya kitu. Uzi wa akriliki uliotimuliwa manyoya huwa laini siku ya kwanza kuliko sufu nyingi, kisha baada ya kufuliwa mara chache hujaa vipele vya nyuzi zilizosokotana. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, lakini ikitiwa katika maji ya moto na kusuguliwa hunywea na kugandamana. Pamba haimkeri mtoto, ila ni nzito, na ikilowa hurefuka. Pamba basi iwe ya pwani, sufu iwe ya Lushoto na Njombe, na akriliki iwe ya mama mwenye kufua kila siku. Katika hilo sibishani na mtu. Ulaini ninaousema mimi ni wa mkono wa mfumaji. Shika blanketi kwa pembe moja, liachie lining'inie: likishuka kwa mikunjo iliyotulia, mkono ulikuwa huru, likikakamaa, mfumaji alikaza uzi, au alitumia ile sindano ya milimita 3 aliyorithi kwa shangazi wa vitambaa vya makochi, hali uzi wa unene wa kawaida wataka milimita 5, na kwa anayeanza, ambaye hofu humkaza vidole, hata 5 na nusu.

Juu ya mablanketi ya kiwandani sina maneno mengi. Mashine za viwandani hazifumi kroshia halisi, na kinachotoka kiwandani kwa jina hilo ni ufumaji wa namna nyingine ulioigizwa sura.

Ama umbo, dawa yake ni kuhesabu. Likunje blanketi ncha kwa ncha. Kingo zisipokutana, mfumaji alipogeuka alisahau kufuma juu ya ile minyororo mitatu ya kupandia, akawa apoteza nguzo moja, yaani mshono mmoja uliosimama, kila mwisho wa mstari, jambo ambalo halionekani katika mistari kumi na huwa fedheha katika mistari sitini. Na ukingo wa chini ukiwa umejikunyata ilhali wa juu umetandaa, mnyororo wa msingi ulikazwa mno, na tiba yake ni kuufuma kwa sindano kubwa zaidi kisha kurudia ile ya kawaida. Haya hata vitabu vya shule huyaeleza.

Lisiloelezwa, na ambalo sijapata kuona mgeni wa kazi hii akilitazama, ni mikia. Kila donge lianzapo na kila liishapo, kila rangi iingiapo na kila itokapo, huacha mkia wa uzi, na mikia hiyo ndiyo sababu wanafunzi wengi humaliza blanketi wasilimalize. Chukua blanketi la vipande mia vya mraba, kila kipande rangi nne: rangi moja huacha mikia miwili, basi mikia ni 800, kabla hujahesabu ya kuunganishia. Sasa jiulize, unapoambiwa kwamba blanketi kama hilo limefumwa kwa juma moja, ile mikia 800 imekwenda wapi.

Alikuwako bibi mmoja wa Lushoto ambaye wafumaji wa zama zangu walimwogopa kuliko mkaguzi wa shule. Alipoletewa blanketi hakulitazama usoni hata mara moja. Alilipindua magotini pake, akapitisha ukucha juu ya mgongo wake pole pole mpaka ukucha ukakwama mahali, akainamisha kichwa na kuuliza, "Mwanangu, mkia huu umelala au umejificha?" Mfumaji akinyamaza, bibi aliubana mkia ule kati ya kidole gumba na cha shahada, akauvuta, ukitoka mzima, blanketi lilikunjwa likarudishwa kwa mwenyewe bila ya neno la pili, na chai haikuletwa. Mkia wake yeye haukutoka kwa mtu yeyote. Aliuacha mrefu, tangu kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, yapata sentimita 15 na zaidi, akautunga katika sindano butu, akaupitisha chini ya nguzo za rangi yake, asivuke kamwe kwenda katika rangi ya jirani. Kisha akarudi nao njia ile ile huku akikiruka kitanzi cha kwanza ili upate pa kujishikiza, na mara ya tatu akaupandisha juu kwa kuupasua uzi wenyewe katikati. Hapo hakukata. Alilivuta blanketi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, akalifua, akalianika kivulini, na lilipokauka ndipo alipotwaa mkasi. Wako wanaoufunika mkia kwa kufuma juu yake wakiendelea na mstari, wakajiona wamepata hikima. Mkia uliolala upande mmoja tu hutoka upande ule ule ulioingilia, na wa akriliki, kwa utelezi wake, hutoka mapema zaidi.

Walaghai nao wana ustadi wao. Yuko afungaye fundo na kukata karibu, na fundo hilo ama hufunguka, ama hukaa chini ya ubavu wa mtoto usiku kucha. Yuko afumaye mapindo mapana ili mikia yote ya kando izikwe humo. Yuko ashoneaye bitana, nami nikiri kwamba kila nionapo bitana nyuma ya kroshia huuliza kinachositiriwa. Lakini aliyewazidi wote ni mchuuzi mmoja ambaye jina lake nalistahi, aliyekuwa akiichoma mikia ya akriliki kwa kiberiti. Uzi huo ukiungua haugeuki jivu kama sufu, bali huyeyuka, na ukipoa huacha tone gumu, dogo kuliko punje ya mtama, lisiloonekana kwa macho kwa urahisi. Mama mmoja jirani yetu alibadili sabuni, akabadili mafuta, akampeleka mwanawe kwa mganga wa ngozi kwa michubuko ya shingoni, na blanketi alilonunua kwa mchuuzi yule akaendelea kulisifu. Mgongo wa blanketi, basi, upitishe juu ya mdomo wako kabla ya kulinunua. Kiganja cha mtu mzima kimekomaa, hakihisi, mdomo huhisi. Na uzi wowote ulio huru kwa mtoto mchanga si suala la uzuri tu, maana huweza kujizungusha katika kidole cha mguu na kuzuia damu.

Rangi zisizidi tatu, na moja katika hizo iwe nyeupe. Mapindo yawe ya rangi moja. Matamvua hayafai katika blanketi la mtoto, wala la mtu mzima. Nikiulizwa sababu nitajibu kwamba macho yangu yamezoeshwa hivyo na wanawake waliojua, waliofuma vipande vya mraba, muundo ambao jarida moja la wakulima la Chicago lilikwisha kuuchapa mwaka 1885, bila ya kuona picha yake popote, kwa kuangalia tu kidole cha mwenzao barazani. Siku hizo uzi ulikuwa ghali na vazi kuukuu lilifumuliwa likafumwa upya, na mfumaji alijua kuwa asipokuwapo yeye, mtu mwingine ataifuata kazi yake kitanzi kwa kitanzi akiifumua. Leo uzi ni tele, mifano ni tele, na blanketi hupigwa picha upande mmoja. Huko Ayalandi, katika njaa ya viazi iliyoanza 1845, kroshia ililisha aila zisizo na chakula kingine. Sidhani kwamba mikia ya kazi zile ilichomwa kwa kiberiti.

Anayeanza na aanze na rangi moja, madonge yote yenye namba moja ya mkupuo wa kutiwa rangi katika karatasi zake, maana donge la namba nyingine huacha mstari utakaoonekana mchana hata usipoonekana taani. Na atakayenunua amwombe muuzaji ruhusa ya kulipindua. Akikataa, au akianza kusimulia habari za rangi, mrudishie kwa adabu na usiulize bei.