Ndia Kuu na "Njia ya Darasa": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Suala la kuunda istilahi za sayansi na ufundi limewashughulisha wataalamu wa Kiswahili tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, na likapata msukumo mpya Tanzania ilipoliunda Baraza la Kiswahili mwaka 1967. Hata hivyo, katika uwanja wa kompyuta, mjadala umeelemea mno upande wa majina ya vitu. Wino mwingi umemwagika juu ya kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta au tarakilishi. Dhana zinazoeleza namna chombo hicho kinavyofanya kazi hazikupewa uzito kama huo, ilhali ndizo zinazomkwaza mwanafunzi. Makala haya yanahakiki dhana moja tu ya aina hiyo: ile iitwayo classpath katika Java, lugha ya kuandikia programu iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ielezwe. Programu ya Java imegawanyika katika vipande, na kila kipande kina jina lake. Mtu anapoiendesha kwa kuandika amri, hutaja neno java na jina la kipande cha kuanzia. Mashine haisaki diski nzima. Husaka katika mahali palipotajwa tu, na kwa mpangilio uliotajwa. Ikikipata kipande mahali pa kwanza, haiendelei kuangalia pa pili. Mahali hapo hutajwa baada ya alama -cp, hutenganishwa kwa nukta mbili katika Linux na kwa nukta mkato katika Windows. Pasipotajwa kitu, mashine hutazama saraka aliyomo mtumiaji wakati huo. Lakini ikiwa CLASSPATH imekwisha kuwekwa thamani nyingine, saraka hiyo haitazamwi tena mpaka nukta inayoiwakilisha iandikwe wazi.

Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "njia ya darasa". Tafsiri hii ina kasoro mbili, na kila moja yastahili kupimwa peke yake.

Kasoro ya kwanza iko katika neno njia. Mtaa wa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, umehifadhi umbo la Kimvita la neno hilo, ingawa mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa hapo hapo, uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Iwe ndia au njia, maana haibadiliki: ni kitu kimoja kinachomtoa mtu hapa na kumfikisha pale. Anuani ya faili moja, inayotaja saraka moja baada ya nyingine hadi faili yenyewe, ni njia kwa maana hiyo hasa. Classpath si njia. Ni orodha ya mahali ambapo msako unaanzia. Kiingereza kimetumia neno moja kwa dhana zote mbili; Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huo.

Mfano wa Mwembe Tayari, walikokuwa wakishukia abiria wengi wa mabasi ya masafa, utadhihirisha tofauti hiyo. Tuseme kipande kinaitwa mombasa.kisiwani.MwembeTayari. Nukta zilizo katika jina hilo zinalingana na saraka: kisiwani imo ndani ya mombasa, na faili ya kipande imo ndani ya kisiwani. Mwanafunzi anayedhani kuwa anaandika njia huielekeza mashine moja kwa moja hadi saraka ya kisiwani, kwa kuwa faili anaiona humo kwa macho yake. Mashine hufika huko, kisha huitafuta mombasa ndani ya kisiwani, isiione, na hutangaza kuwa kipande hakikupatikana. Ni sawa na mgeni anayesimama Mwembe Tayari akaulizia Mombasa iko upande gani wa kituo. Mzee wa mtaani atamjibu, "Mwanangu, si ndimo umo?" Mashine haina mzee wa kuisaidia. Ilipaswa ielekezwe kwenye saraka iliyoibeba mombasa yenyewe, yaani mahali pa kuanzia.

Mji huo huo unatupa somo la pili. Mombasa ina Mwembe Tayari, ina Mwembe Kuku, na ina Mwembe Tanganyika. Atajaye "Mwembe" tu huulizwa ni upi. Mashine haiulizi. Vipande viwili vikiwa na jina kamili moja katika mahali pawili, huchukua cha mahali palipotangulia katika orodha. Neno njia halidokezi hata kidogo kwamba mpangilio una hukumu nzito namna hii.

Kasoro ya pili iko katika neno darasa. Kwa msemaji wa Kiswahili darasa ni mahali pa kufundishwa au somo lenyewe. Halina maana ya aina. Tabaka nalo limeshikamana na daraja za watu katika jamii. Neno lililo karibu zaidi liko mikononi mwa wanasarufi wenyewe, nalo ni ngeli. Ngeli si kundi la majina tu. Ni kanuni inayotawala upatanisho wa wanachama wake. Katika Java vilevile, kipande hicho ndicho kinachoamua umbo na tabia ya vitu vinavyoundwa kutokana nacho. Ulinganifu huu haukukamilika, kwani nomino haiundwi na ngeli yake. Lakini hauwapotoshi wanafunzi kama darasa linavyowapotosha.

Hivyo basi, makala haya yanapendekeza vianzio vya ngeli. Wapo watakaosema kuwa jitihada hii ni bure, maadamu amri yenyewe itabaki kuandikwa kwa herufi za Kiingereza. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Alama -cp ni ya mashine, na iachwe ilivyo. Maelezo ni ya mtu. Mwanafunzi aliyeambiwa "weka njia ya darasa" ataikariri amri kama hirizi, na siku itakapokataa ataifuta programu iliyo nzima akidhani ndiyo mbovu. Aliyeambiwa "taja vianzio vya ngeli" atajiuliza swali lililo sahihi: msako umeanzia wapi? Istilahi inayomfikisha mwanafunzi kwenye swali hilo imetimiza kazi yake, na kwa kipimo hicho ndivyo istilahi nyingine za uwanja huu zinavyopasa kuhakikiwa.