Marehemu Hajibizwi: Kukisoma Tena Thirteen Reasons Why

Likizo ya Juni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alitoa kitabu kwenye kabati langu bila kuniuliza, akakimaliza kwa siku mbili, akanifuata nacho jikoni. Hakusema kama ni kizuri au kibaya. Aliuliza swali moja tu.

"Shangazi, kwa hiyo nani alimuua?"

"Alijiua mwenyewe," nikamjibu.

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya akaambiwa habari za mvua. "Hilo najua. Nauliza, kati ya wale wote, ni nani hasa?"

Kitabu chenyewe ni Thirteen Reasons Why cha Mmarekani Jay Asher, kilichotoka mwaka 2007. Nilikisoma zamani, sikukipenda, na sikujisumbua kujua kwa nini. Swali la yule binti ndilo lililonifanya nikisome upya usiku ule ule, maana niligundua kwamba yeye hakuwa amekosea. Alikuwa amekisoma jinsi kinavyotaka kisomwe.

Kwa ambaye hajakisoma: Clay Jensen, mwanafunzi wa sekondari, anakuta kifurushi mlangoni kwao. Ndani mna kanda 7 za kaseti. Sauti iliyomo ni ya Hannah Baker, msichana aliyesoma naye na aliyempenda kimyakimya, ambaye alijiua majuma machache tu yaliyopita. Hannah amerekodi pande 13, na karibu kila upande una mtu wake. Kila anayepokea kanda hizo anatakiwa azisikilize zote, kisha ampelekee anayefuata kwenye orodha. Asipofanya hivyo, nakala ya pili itatolewa hadharani.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kitabu kimejengwa vizuri. Kina wasimulizi wawili kwa pamoja: sauti ya Hannah sikioni, na mawazo ya Clay anayezunguka mjini usiku mmoja akifuata sehemu alizozitaja. Na Asher anajua uvumi unavyotembea. Busu moja kwenye bustani ya watoto linageuka hadithi, hadithi inageuka orodha ya nani ana umbo zuri darasani, orodha inageuka ruhusa ya kila mkono kumgusa. Msichana yeyote aliyesoma shule ya mchanganyiko atatikisa kichwa na kusema, ndivyo ilivyo. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye jina la kitabu. Sababu kumi na tatu. Kosa na sababu ni vitu viwili, na kitabu hiki kinavifunga kwenye kanga moja. Zach aliiba vikaratasi vya kumtia moyo vilivyowekwa kwenye mfuko wa Hannah darasani. Ni ukatili mdogo wa kitoto. Bryce anabaka. Ni jinai. Lakini kwenye kanda kila mmoja ana zamu yake, kila mmoja ni namba, na namba zote zinaelekea kwenye jibu moja. Msomaji wa miaka 15 anatoka na hesabu ya kujumlisha: ongeza hiki, ongeza kile, utapata kifo.

Maisha hayajumlishwi hivyo. Wanaoshughulika na afya ya akili wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba mtu hajiui kwa sababu moja, wala kwa orodha inayoweza kuhesabiwa. Kuna maradhi, kuna uchovu wa akili unaomfanya mtu asione mlango uliopo mbele yake, kuna mambo ya nyumbani, kuna aibu. Katika riwaya hii Hannah anaongea kwa utulivu, kwa kejeli, kwa mpangilio, kama wakili aliyeandaa kesi yake vizuri. Sonona yenyewe, yaani ile hali ya kushindwa hata kuoga, karibu haipo. Tunaona watu waliomtendea. Ugonjwa uliomla hatuuoni.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonikera zaidi. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, wala hajibizwi. Hannah anaitumia heshima hiyo kama silaha, na mwandishi anamwacha. Hakuna kwenye kanda anayeweza kusema, "Ngoja, siku ile haikuwa hivyo." Clay mwenyewe anaambiwa kwamba hana hatia, jina lake limo kwa sababu tu hadithi isingekamilika bila yeye. Lakini keshasikia. Keshakumbushwa usiku ule kwenye sherehe, alipofukuzwa chumbani na akaondoka. Mtu ataishije na hilo? Atamwomba nani radhi?

Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kina ushahidi dhidi ya kanda zake. Hannah alijificha kabatini wakati mwenzake Jessica anabakwa, akashindwa kutoka. Alikuwa kwenye gari lililoangusha alama ya barabarani, na baadaye mwanafunzi mwingine akafa kwa ajali pale pale. Anakiri yote mawili. Yaani huyu ni mtoto aliyebeba hatia isiyobebeka, na badala ya kupata mtu wa kuitua naye, aliigawa kwa wenzake kama urithi. Hapo palikuwa na riwaya kubwa. Asher anapita.

Nina sababu yangu ya kulichukulia jambo hili moyoni. Nikiwa kidato cha pili, bweni, msichana aliyelala kitanda cha pili kutoka changu alijitoa uhai wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa tulipangwa mstari, mwalimu akauliza nani aligombana naye mara ya mwisho. Nilinyamaza. Juma la mwisho kabla ya kufunga alikuwa ameniomba ndoo afulie sare zake, nikamnyima, nikamwambia kila siku wewe tu, nunua yako. Hakunijibu. Alicheka kidogo, akaenda.

Niliibeba ndoo ile kwa miaka. Hakuna aliyenirekodia kanda, nilijirekodia mwenyewe. Niliolewa nayo, nikazaa nayo. Ilinichukua muda mrefu kufika mahali pa kusema sentensi mbili pamoja: nilikosea kumnyima ndoo, na ndoo haikumuua. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza bila ya pili inaangamiza. Ya pili bila ya kwanza inamfanya mtu awe mkavu wa roho. Thirteen Reasons Why haiwezi kuzishika sentensi hizi mbili kwa mkono mmoja, na ndiyo maana nisingempa mtoto aisome peke yake.

Mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa na Netflix kuanzia mwaka 2017 uliongeza tatizo. Ulionyesha kifo chenyewe kwa kirefu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linawaonya waandishi wa habari waliepuke, na mwaka 2019 Netflix wakaiondoa sehemu hiyo. Mwaka huo huo watafiti Marekani walichapisha kwamba vifo vya kujiua kwa vijana viliongezeka mwezi uliofuata onyesho la kwanza. Mtafiti mwingine alizichambua upya takwimu hizo na kutilia shaka hitimisho lao. Sitaki kumpiga mwandishi kwa rungu lenye ufa. Hoja yangu ni ya kihadithi: hadithi inayomfanya marehemu ashinde kila mjadala inamwambia kijana aliyeumia kwamba kifo ndicho kipaza sauti pekee kilichobaki.

Kwani kulikuwa na njia nyingine ya kuiandika? Ilikuwepo, na Asher aliijua. Toleo la kuadhimisha miaka 10 ya kitabu lina mwisho wake wa awali, ambamo Hannah anaokolewa. Aliubadilisha. Na hata katika mwisho tunaoujua kuna kurasa chache nzuri kuliko zote: Clay, baada ya kusikiliza kila kitu, anamwona Skye, msichana ambaye siku hizi amejitenga na watu, anamfuata kwenye korido na kumwita kwa jina. Basi, kitabu kinaishia hapo. Kurasa zote zile za nani alikosea, na mlangoni tu ndipo tunapoambiwa nani bado yuko hai.

Aliyeanzia pale Asher alipoishia ni Ned Vizzini, mwaka mmoja kabla yake. Katika It's Kind of a Funny Story ya mwaka 2006, Craig wa Brooklyn, miaka 15, anazidiwa na shule ya vipaji aliyopigania kuingia. Usiku mmoja anapiga simu ya msaada, anatembea hadi hospitali, analazwa siku 5 kwenye wodi ya watu wazima. Hakuna mshitakiwa. Kuna wagonjwa wenzake, chakula kinachokaa tumboni, michoro ya ramani anayoanza tena kuichora. Kuna vichekesho. Wajibu humo unaangalia mbele: nani atampeleka, nani atamtembelea, atafanya nini akitoka.

Nasi tuna mzigo wetu. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda haikuruhusiwa shuleni. Rosa anajiua akiwa mwalimu kijana, baada ya Charles kumkataa. Lakini Kezilahabi haanzii kwa Charles. Anaanzia kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Na mwishoni anawaleta baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na lawama zake. Tofauti ni kubwa: pale baba anajibu. Ni mabishano, mashitaka yana pande mbili, na msomaji anaachwa ahukumu malezi ya nyumba nzima, pamoja na ya kwake. Kwa hiyo wazo la mahakama kwenye hadithi halinisumbui lenyewe. Linanisumbua likiwa na upande mmoja tu.

Na mahakama za kweli nazo tunazo. Hapa Tanzania Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana aliyenusurika anaweza kuamka hospitali akiwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa wakati mmoja. Katika nchi yenye sheria hiyo, hadithi zetu hazina haja ya kuongeza washitakiwa. Zina haja ya kuonyesha mlango.

Siku ya tatu nilimjibu yule binti. Nikamwambia hakuna aliyemuua Hannah. Wapo waliomkosea, mmoja wao alistahili jela, na wapo watu wazima waliosikia nusu wakaridhika. Nikamsimulia habari ya ndoo, ambayo hata baba yake haijui.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa Shangazi, mtu ukimwona kama Skye, unamwambiaje?"

Nikamwambia unamuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa pa kulitua. Halafu humwachi peke yake na huifanyi siri: unamtafuta mtu mzima unayemwamini, mnakwenda naye hospitali. Na wewe ukijisikia hivyo, fanya vivyo hivyo, hata saa nane usiku, niamshe.

Alikirudisha kitabu kabatini. Sijamuuliza alikuwa anamfikiria nani. Ila jioni ile aliomba simu yangu, akatoka nayo uani, akakaa huko hadi chakula kikapoa. Nilimwekea cha kwake pembeni, nikafunika.