Mkono wa Koti la Sajini

Tazama mkono wa kushoto wa koti la sajini wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, lile la kijani lililotangazwa mwaka 2018 kwa kuiga mavazi ya maofisa wa Vita vya Pili vya Dunia. Nusu inchi chini ya mshono wa bega hukaa nembo ya kikosi. Katikati ya mshono huohuo na kiwiko hukaa tepe za cheo. Karibu na mwisho wa mkono kuna vijitepe vya mshazari, kila kimoja kikihesabu miaka 3 ya utumishi, navyo hupimwa kutoka ukingo wa chini. Mkono wenyewe unatakiwa uishie inchi 1 chini ya mfupa wa kifundo cha mkono. Sasa askari anaingia kwa fundi nje ya geti la kambi na kulalamika kwamba mkono umezidi inchi moja na nusu. Ukatwe wapi?

Chini ndiko kwepesi. Fundi anafumua bitana, anakunja, anashona, anapiga pasi. Lakini vijitepe vya utumishi sasa vimekaribia ukingo kwa inchi moja na nusu, na mkaguzi mwenye rula ataliona hilo kabla hajasalimiwa. Inabidi vifumuliwe vipandishwe. Kitambaa cha sufu iliyochanganywa na poliesta hakisahau: matundu ya sindano hubaki yamejipanga, na kama koti limevaliwa miaka kadhaa, pale palipofunikwa na kijitepe rangi huwa bado mbichi kuliko pembeni. Kwenye sare ya buluu ya jeshi hilohilo ndiyo balaa zaidi, maana ofisa ana utepe wa dhahabu uliozunguka mkono juu ya ukingo, na huo haukunjiki.

Juu kuna heshima zaidi na hatari zaidi. Fundi anaubandua mkono wote kwenye kwapa, anakata kichwa chake upya kwa chini, anaurudisha. Tatizo ni kwamba mkono wa koti hupungua upana kadiri unavyoshuka. Ukikata kichwa chini zaidi, mzunguko wake unakuwa mdogo kuliko tundu la kwapa linaloungojea, na kile kitambaa cha ziada ambacho fundi hukisukuma taratibu ili bega lijae kinakwisha. Ukilazimisha, bega litafanya makunyanzi na askari hatainua mkono kupiga saluti bila koti zima kupanda naye. Zaidi ya hapo, kile kilimi cha begani kimeshonewa ndani ya mshono huohuo, kwa hiyo nacho kinang'olewa. Nembo, iliyokuwa nusu inchi tu chini ya mshono, imeangukia penye kukatwa na lazima ifumuliwe, nazo tepe za cheo, zilizokuwa zimekaa sawasawa, sasa zimesogea juu kwa inchi moja na nusu.

Kwa maoni yangu, lawama nyingi wanazobebeshwa mafundi hawa ni za mpangilio wa kazi, si za ustadi. Askari anapandishwa cheo, ananunua tepe mpya, anaona ukaguzi uko mlangoni, anaomba zishonwe leo. Mambo ya mkono kupwaya atayashughulikia baadaye. Fundi anayelipwa kwa kipande hana sababu ya kubishana na mteja anayetoa pesa. Hapo kosa limekwisha kushonwa, ingawa kila mshono umenyooka. Koti la aina hii hupimwa bega kwanza, kisha mgongo na kiuno, kisha urefu wa mkono, mteja akiwa amevaa shati na tai atakazovaa siku ya gwaride, mikono imelegea pembeni. Kila mkono upimwe peke yake, kwa sababu watu wengi mikono yao haifanani urefu. Baada ya pasi mteja alivae tena, chaki ipite, ndipo tepe ziguswe.

Lakini fundi hakuanzisha tatizo hili, amelirithi. Saizi ya koti la Kimarekani husema mambo mawili tu: namba ya kifua na herufi ya kimo. Koti la 40L ni la mtu mrefu mwenye kifua cha inchi 40, basi. Shingo yake, mteremko wa mabega yake, kiuno chake, vyote vinakisiwa kutokana na wastani. Na wastani huo ulikwisha kuumbuliwa zamani. Katika ripoti ya mwaka 1952, Luteni Gilbert Daniels wa Jeshi la Anga alichambua vipimo vya wanajeshi 4,063 vilivyochukuliwa mwaka 1950. Aliwachuja kwa vipimo 10 ambavyo fundi yeyote wa nguo angevitaka. Wenye kimo cha karibu na wastani walikuwa 1,055, kama robo yao. Kati ya hao, wenye kifua cha wastani pia walibaki 302. Kwa urefu wa mkono wakabaki 143, na hapa angalia: zaidi ya nusu ya watu ambao kimo na kifua vyao vilikuwa vya wastani, mikono yao haikuwa. Mchujo ukaendelea, 73, 28, 12, 6, 3, 2. Kwenye kipimo cha kumi hakubaki mtu.

Ripoti ile hukumbukwa zaidi kwa habari za viti vya marubani. Mimi naisoma kama hati ya kuwatetea mafundi.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamo katika hesabu hii pia. Mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009, ulitafuta wahamiaji wenye lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwamo, na ndiyo njia aliyopitia Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya aliyeiletea Marekani medali ya fedha ya mita 5,000 huko Rio mwaka 2016. Umbo la mkimbiaji wa masafa, kifua chembamba na viungo virefu, ni mtihani kwa jedwali lolote la saizi. Akipewa koti la kumtosha kifua, mikono inakuwa mifupi. Akipewa la kumtosha mikono, kiuno kinapwaya, na koti la kijani lina mkanda wa kitambaa kiunoni unaotangaza kila kosa: mgongo ukizidi urefu, mkanda unashukia nyongani. Kuongeza nako kuna mpaka, maana fundi hawezi kuachia kitambaa ambacho kiwanda hakikukikunja ndani ya mshono.

Suruali haina mambo mengi. Ya sare ya buluu ina utepe wa dhahabu ubavuni kuanzia cheo cha koplo, hivyo haipunguzwi ubavuni bali nyuma katikati, na ukizidisha huko mifuko ya nyuma inakaribia kubusiana. Mteja apimwe na viatu vya sare, siyo buti za kazini, la sivyo pindo litakosa mahali pake.

Koti la buluu la wanawake lina mtego wake. Halina mifuko ya kifuani, na mifuko ndiyo mwanaume anayopimia kibao cha jina na riboni. Kwa hiyo kanuni inasema kibao kikae inchi 1 hadi 2 juu ya kifungo cha kwanza, upande wa kulia, na riboni za kushoto zifuate mstari wake. Tena inaruhusu kusogeza kulingana na umbo la mvaaji. Kanuni ya busara, ila kifungo chenyewe husogea koti likipunguzwa vibaya kiunoni au likivutwa na kifua. Na wakisimama sajini wawili wanawake bega kwa bega, vibao vyao vikiwa vimepishana inchi nzima, wote wawili wako sahihi, na mkaguzi mwenye rula hana la kuandika.