Mpini Hupimwa kwa Kiganja

Katika maduka ya vifaa vya kilimo Mtwara mjini, majembe mara nyingi huuzwa bila mpini. Yamerundikwa chini, moja juu ya jingine, rangi ya kiwandani bado inang'aa, na mnunuzi anayejua kazi huchagua la kwake kwa kuligonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Akisharidhika analipa, analifunga nyuma ya bodaboda na kurudi kijijini na nusu ya jembe. Nusu ya pili haipo dukani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ngumu zaidi kuipata.

Mpapura ni kata ya Wilaya ya Mtwara, nchi ya mikorosho na mihogo. Huko bado wapo wazee ambao ukiwaambia unataka mpini hawakuulizi urefu wala bei. Wanataka kwanza kuuona mkono.

Mama mmoja kijana anafika kwa mmoja wao na jembe jipya limefungwa kwenye kanga. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu. Hili la nani, lako au la mumeo?" "Langu." Mzee anaukamata mkono wake wa kulia, anaugeuza kiganja juu, anatazama urefu wa vidole, anabonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. Halafu anauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Unapigia matuta au unapalilia?" Akijibiwa, anakwenda kwenye fimbo zilizosimamishwa kivulini, anaisogeza pembeni ile nene iliyokuwa mbele, na anampa nyingine aishike. "Kaza. Legeza. Kaza tena." Anachotafuta kinaonekana kwa macho: kidole gumba kiizunguke fimbo na kulala juu ya kucha ya kidole cha kati. Kikishindwa kufika, fimbo ni nene. Kikipita mpaka vidole vingine vinachoma kiganja, fimbo ni nyembamba. Hapo hapo anajua ni wapi pa kupunguza na wapi pa kuacha.

Kipimo hicho kina sababu. Mpini mnene hauruhusu vidole vifunge, kwa hiyo misuli ya mkono wa mbele inabeba kazi ambayo vidole vingeibeba, na mtu huanza kuhisi moto karibu na kiwiko kabla jua halijapanda. Mpini mwembamba nao huzunguka ndani ya kiganja kila jembe linapogonga mzizi, na mkulima hulazimika kukaza muda wote ili usimponyoke. Malengelenge hutokana na huko kuzunguka zaidi kuliko ugumu wa ardhi. Wataalamu wanaopima uhusiano wa mikono na zana hutaja unene wa kati ya sentimeta 3 na 5 kuwa ndio unaofaa watu wengi. Mzee wa Mpapura hajawahi kushika rula kwa kazi hii, na bado mipini yake huangukia humo humo, kwa sababu kila mmoja umepimwa kwa mtu wake.

Kabla ya kupima, lakini, kuna mti. Mkorosho, ambao ndio umejaa kila mahali, haufai: mbao yake ni nyepesi na haidumu. Mpingo ni mgumu kupita kiasi na mzito mno kwa jembe la kuinuliwa siku nzima. Wanaojua hutafuta mkole porini, au mpera nyuma ya nyumba, miti yenye nyuzi ndefu zinazokubali kutikiswa bila kukatika. Fimbo inayotakiwa ni ile iliyokua yenyewe ikiwa na unene upande mmoja na wembamba upande mwingine, kwa sababu mpini wa jembe la tundu hupitishwa kwa ncha nyembamba na kuvutwa mpaka shina lake nene lijibane ndani ya chuma. Ukifungwa hivyo, kila pigo huzidi kuukaza. Msumari hauhitajiki. Kabari nayo, wazee huiona kuwa dalili kwamba fimbo haikuchaguliwa vizuri. Wapo pia wanaoloweka jembe kwenye maji usiku ili mti uvimbe na kukaza. Asubuhi linakaza kweli, lakini jua likiwaka linalegea, na chuma kinaweza kuruka kikampata mtu wa jirani.

Ikishakatwa, fimbo humenywa gome na kuwekwa kivulini. Hapa ndipo subira inapoonekana. Juani ingekauka haraka na kupasuka kwa urefu. Kivulini hukauka taratibu, na fundi hupita kila mara akiigeuza ili isipinde upande mmoja. Iliyopinda kidogo hupashwa juu ya moto mdogo, hubanwa katikati ya panda ya mti na kunyooshwa ikiwa bado na joto, kisha huachwa hapo mpaka ipoe. Nimetazama kazi hii na kilichonishangaza ni jinsi inavyofanyika kimya: mkono mmoja unageuza fimbo juu ya makaa, mwingine unaipapasa kutafuta mahali palipolainika, na macho ya fundi hata hayako pale.

Kazi ya mwisho hufanywa kwa kisu na kigae cha chupa. Kisu huondoa vifundo na kuchonga kiuno pale mkono wa chini unapokaa. Mwishoni kabisa fundi huacha uvimbe mdogo, ili mkono wenye jasho ukiteleza ukutane na kizuizi. Kigae cha chupa hukwangua vumbi laini mpaka mti unakuwa kama ngozi. Baadaye unapakwa mafuta kidogo, basi. Rangi na vanishi hawapaki, na wana haki: mti uliozibwa huteleza mkono ukitoa jasho, wakati mti mtupu hunywa lile jasho na kila msimu unazidi kuukubali mkono. Mpini wa miaka mitatu una alama za vidole vya mwenye nao, na mtu mwingine akiushika anahisi mara moja kwamba si wake.

Ustadi huu haukuanzia kwenye jembe la dukani. Wamakonde, ambao ndio wengi upande huu wa nchi, ni watu wa tezo. Mchongaji hukaa chini, hulishika gogo la mpingo kwa miguu, na kulipiga kwa tezo dogo la mkono mmoja, mapigo mafupi yasiyohesabika kutoka asubuhi mpaka jioni. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Ukiupiga, tezo hurudi nyuma, na mtetemo wote huishia kiganjani. Mpini wa tezo kwa hiyo ni mfupi, wenye kichwa kinene cha mti mgumu, na mkia wa chuma huchomekwa ndani ya kichwa hicho ukiwa mwekundu wa moto, ukijichimbia tundu lake wenyewe. Mhunzi hufua ule ubapa, mara nyingi kutoka springi ya gari lililokufa, lakini mpini mchongaji huutengeneza mwenyewe. Chuma kikiisha hubadilishwa na mpini ukabaki. Wachongaji waliohama kutoka kusini na kwenda kufanya kazi Mwenge, Dar es Salaam, walihama na ujuzi huo, na sanamu ambazo wageni huzibeba kwenda Ulaya na Marekani zimepita kwanza kwenye mpini ambao hakuna mgeni aliyeutazama.

Kwamba mpini lazima uufuate mkono, ulimwengu mwingine umelijua jambo hili kwa njia zake. Anayenunua bastola kubwa hukutana na swali lile lile la mama wa Mpapura. Bastola inayobeba risasi katika safu mbili ina mshikio mnene, na mwenye mkono mdogo hulazimika kuukunja mkono pembeni ili kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio, na shabaha inapotea hapo. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 bastola kama Walther P99 zilikuja na migongo ya kubadilisha, mdogo, wa kati na mkubwa. Wapiga shabaha wa mita 50, mchezo ambao mara ya mwisho ulikuwemo kwenye Olimpiki za Rio mwaka 2016, walikwenda mbali zaidi: mishikio yao ya mbao ilichongwa kuuzunguka mkono wa mtu mmoja, na palipopungua pakajazwa lipu ya mbao kisha pakakwanguliwa upya. Mzee wa fimbo za mkole angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Na ubaya wa mpini usiofaa umewahi kufika hata mahakamani. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe lenye mpini mfupi sana, wakiwa wameinama kutwa nzima. Migongo yao iliharibika wakiwa bado vijana. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua upande wa wafanyakazi, na jembe lile likapigwa marufuku kwa sababu lilikuwa hatari kwa afya. Mpini wa kuongeza urefu ungegharimu fedha kidogo sana. Kilichokosekana ni mwenye shamba kuwatazama watu wake wakifanya kazi.

Nalisema hili kwa sababu kwetu pia lipo. Nyumba nyingi zina majembe mawili au matatu, na mipini yake imetengenezwa kwa kipimo cha mkono wa baba, wakati palizi kubwa hufanywa na mama na watoto. Kabla ya msimu wa korosho lazima chini ya mikorosho pasafishwe, ili korosho zikianguka zionekane, na hiyo ni kazi ya kuinama na kuvuta kwa siku nyingi mfululizo. Mwanamke anayeshika mpini mnene wa mumewe anafanya kazi ya ziada isiyoonekana na isiyolipwa, na jioni anaambiwa amechoka upesi.

Siku hizi panga na fyekeo huja na mishikio ya plastiki ya saizi moja. Nimeona Mpapura watu wakiivua na kuweka ya mti, au wakiizungushia ukanda wa mpira wa tyubu mpaka ujae kiganjani. Hiyo ni busara, na inastahili kuheshimiwa na wenye viwanda. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha useremala na uhunzi. Ningependa kuona mafundi wa mipini wakialikwa humo kama walimu, wakiwa bado na nguvu za kukaa mbele ya makaa.

Wewe unayenunua jembe kabla ya mvua, usikate fimbo ya kwanza utakayoikuta njiani. Nenda kwa fundi na yule atakayelitumia, ili mkono wake upimwe. Mlipe fundi bei anayotaja bila kumpunja, kwa sababu bei hiyo ni ya miezi ya kivulini pia. Na kama una nafasi nyuma ya nyumba, panda mpera. Utakula matunda, na matawi yake yatakuwa mipini ya wanao.